Adili na Nduguze: Usomaji wa Pili

Vitabu tulivyovipenda utotoni ni mashahidi wasioaminika. Msomaji akivirudia utu uzimani hawezi kujua kwa yakini kama anakihukumu kitabu ama anautamani utoto wake. Ndiyo sababu mhakiki hupendelea kuiweka kando kumbukumbu ya namna hiyo. Maelezo haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa kitabu kimoja walau, kumbukumbu hutufikisha kwenye kiini cha fani.

Kitabu chenyewe ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Nilikisoma kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Kwale, chini ya vilima vya Shimba. Kwetu nyani hakuwa kiumbe wa hadithini. Alikuwa mwizi wa mahindi, na watoto ndio tuliotumwa shambani kumwinga kwa mawe na makelele. Basi nilipofika mahali Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapochungulia usiku na kumwona Adili akiwachapa manyani wawili, sikuona ajabu. Nilipoelezwa kuwa manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu waliomtosa Adili baharini kwa kijicho, wakageuzwa na Huria, binti wa mfalme wa majini, nilitaka wachapwe zaidi.

Nilipokirudia nikiwa mwalimu, mkono wangu haukuwa mwepesi hivyo. Inafahamika kuwa kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdalla bin Fadhili na nduguze. Huko ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani. Badiliko hilo, dogo kwa sura, ndilo lililoijenga upya hadithi. Kwa msomaji wa pwani aliyepita chuoni, kugeuzwa nyani ni adhabu inayojulikana tangu Sura ya Baqara. Zaidi ya hayo, nyani ana mikono, vidole na uso wa kufanana na wetu. Mbwa akichapwa hulia kama mbwa. Nyani akichapwa, anayemchapa hujiona mwenyewe. Adili huwachapa kwa amri asiyoweza kuivunja, kisha huwabembeleza. Mtoto wa Kwale aliwaona wezi wawili wa shambani; Adili hakuacha kuwaona ndugu.

Jina la kitabu linathibitisha jambo hili. Mwandishi hakusema Adili na Mahasidi, bali Adili na Nduguze. Udugu haukufutwa na uovu, wala haukufutwa na manyoya.

Husemwa kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa, na kwamba majina yao huwahukumu kabla hawajatenda. Hoja hiyo ina nguvu. Hasidi hana njia ya kuwa kitu kingine ila hasidi, na msamaha wenyewe hautokani na uwezo wa ndugu hao watatu, bali hupatikana kwa kuingia kati Mfalme Rai. Hapo mwandishi amejirahisishia kazi. Lakini hoja hiyo haimwenei Adili. Mtu mwenye jina la haki analazimika kila usiku kutimiza haki inayomtesa. Jina lake si kibandiko, ni mzigo.

Mtoto hawezi kuuona mzigo huo, wala hatukosi kumpa kitabu hiki. Kosa ni letu sisi walimu tunapokifunga hapo alipokiachia, tukamtaka mwanafunzi, awe wa Msambweni au wa Nairobi, aorodheshe mafunzo: wivu ni mbaya, wema hulipwa. Majibu hayo niliyaandika nami, nikapata alama zote, na nyani nikaendelea kumpiga mawe. Kitabu kilikuwa kimeniuliza kama niliyempiga ni mgeni kwangu kweli. Swali hilo halikuwamo katika mtihani, na mpaka leo sijaliona likiulizwa darasani.