Jua Hupatwa na Nini? Kitenzi katika Ufafanuzi wa Falaki kwa Kiswahili

Mjadala wa kufundisha sayansi kwa Kiswahili umezoea kupimwa kwa wingi wa istilahi. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hoja kwamba maneno hayapo imepungua nguvu, lakini haijafa. Kila inapoibuka hujibiwa kwa orodha nyingine ya nomino. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinatazama pasipo. Nomino asiyoijua, mwanafunzi ataiulizia maana. Kitenzi anachodhani anakijua hakiulizii, nacho aghalabu ndicho kinachompoteza.

Tuchukue "kupatwa". Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendwa, na kiima chake ni mwathiriwa: mtu hupatwa na homa, familia hupatwa na msiba. Kwa mwezi, sarufi na falaki zinapatana. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi uliingia katika kivuli cha dunia ukazama humo wote kwa dakika zipatazo 103. Aliyekuwa Lamu na aliyekuwa Kampala walishuhudia tukio lile lile kwa wakati ule ule. Mwezi ulipatwa kweli, tena na kitu kinachotajika.

Kwa jua, sarufi haibadiliki ilhali tukio limebadilika kabisa. Tarehe 1 Septemba 2016 wakazi wa Rujewa, mkoani Mbeya, waliliona jua limebaki pete. Dar es Salaam lilionekana limemegwa tu, na London, ambako pia ulikuwa mchana, halikupungua chochote. Kama jua ndilo lililopatwa, mbona liwapatikie wengine na wengine lisiwapatikie? Iliyopatwa ni dunia, na kilichoipata ni kivuli cha mwezi. Ndiyo maana mahali pa kusimama ndipo palipoamua kitakachoonekana. Nimewauliza walimu tarajali mara kadhaa jua lilipatwa na nini, na jibu la kwanza huwa "giza". Sarufi imewadai mtenda, nao wakamtafuta aliye karibu.

Sipendekezi istilahi hii ifutwe. Imeota mizizi, na kamati haing'oi mizizi ya namna hiyo. Ninachodai ni kwamba ufafanuzi usiishie kwenye istilahi. Kiswahili kina "kukinga": mwezi umelikinga jua lisitufikie. Sentensi hiyo inataja mtenda, mtendwa na mtazamaji, na mchoro ubaoni unaweza kuifuata neno kwa neno.

Jozi ya "tungamo" na "uzito" imeshughulikiwa sana, nami sitaikawilia. Niseme tu kwamba vitabu hukimbilia fasili wakati mfano uko sokoni. Mizani ya mawe hulinganisha tungamo mbili. Ingepelekwa mwezini, kilo moja ya mchele ingesawazika na jiwe lake vilevile. Mizani ya springi hupima uzito, na huko ingesoma takribani sehemu moja ya sita. Mwenye kuziona mizani hizo mbili akilini ameshaelewa kabla ya kupewa neno.

Kipo pia kitenzi kinachofundisha vizuri kuliko istilahi yoyote ya kubuni. Mwezi mpya "huandama". Kuandama ni kufuata, na hilali ya kwanza huonekana magharibi muda mfupi baada ya machweo, ikilifuata jua kushuka. Mwanafunzi akilizingatia hilo ataona kwamba upande wa mwezi unaong'aa ni ule ulioelekea jua, na dhana iliyoenea kwamba hilali ni kazi ya kivuli cha dunia itakosa pa kushika: kivuli hicho huelekea upande ulio kinyume na jua, na mwezi mchanga hauko huko. Wapo watakaosema kinachoandamwa ni mwezi uliotangulia katika hesabu ya miezi, wala si jua. Pingamizi hilo lina mashiko kietimolojia, na sina ushahidi wa kulimaliza. Kwa mwalimu aliyesimama uwanjani na wanafunzi wake jioni ya mwandamo, usomaji wangu unatosha.