Maiti Chini ya Mkorosho: Namna ya Kupima Jeraha la Risasi Katika Riwaya

Kumuua mtu katika riwaya ya upelelezi ni kazi nyepesi. Ugumu huanza maiti ikishalala chini, maana jeraha la risasi ni shahidi, na shahidi akijichanganya kesi nzima inaanguka. Msomaji mzoefu hupunguza mwendo hapo.

Swali la kwanza ni silaha. Sisi tuliolelewa na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) na Willy Gamba wa Elvis Musiba tumeizoea bastola mno. Lakini hadithi ikitokea kijijini kati ya Masasi na Newala, mkulima kakutwa amekufa chini ya mkorosho, bastola hiyo inahitaji maelezo: ya nani, na imefikaje huku? Silaha inayokubalika bila maelezo ni gobore, lile la kuwafukuzia nguruwe pori, ambalo mwenyewe hulificha kwa kuwa hana kibali kinachotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Mwandishi akishachagua gobore, amefungwa nalo. Gobore hushindiliwa baruti na vyuma kupitia mdomo wa mtutu, kwa hiyo halitemi ganda. Mpelelezi akiinama na kuokota ganda linalong'aa mahali alipopigwa mtu kwa gobore, rudisha kitabu dukani. (Hata bastola ya silinda hubaki na maganda yake ndani. Inayoyatupa nje ni ile ya magazini.) Mwandishi hodari hatafuti ganda, anatafuta kitambaa kilichoshindiliwa juu ya baruti. Mtu akipigwa kwa karibu, kitambaa hicho huweza kuingia ndani ya jeraha pamoja na vyuma. Mwaka 1784 huko Lancaster, Uingereza, John Toms alitiwa hatiani kwa sababu karatasi iliyotolewa kwenye jeraha la marehemu ililingana na karatasi iliyochanika mfukoni mwake. Badala ya karatasi weka kipande cha khanga chenye nusu ya msemo wake, kisha umpeleke mpelelezi nyumba kwa nyumba akitafuta nusu ya pili. Riwaya hiyo ningeinunua.

Pili, tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Waandishi wengi wanajua kanuni moja tu: dogo ni la kuingilia, kubwa ni la kutokea. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini ukubwa peke yake hudanganya. Anayejua hutazama ukingo. Risasi inapoingia huichubua ngozi kuzunguka tundu, ikaacha mviringo mwembamba wa mchubuko. Inapotoka huipasua ngozi kutoka ndani, na kwa kawaida mchubuko huo haupo. Kwenye fuvu, mfupa humeguka zaidi upande ule risasi inakoelekea, kwa hiyo tundu la kuingilia huwa pana kwa ndani kuliko kwa nje. Mtutu ukigandamizwa kichwani, moshi wa baruti huingia chini ya ngozi na kuipasua kama nyota, na hapo tundu la kuingilia huweza kulizidi la kutokea.

Umbali husomwa kwa masizi. Kwa bastola nyingi, masizi hayavuki sana sentimeta 30, na vidoadoa vya chembe za baruti vilivyochoma ngozi huweza kufika karibu mita moja. Ila masizi hunaswa na nguo. Daktari wa riwaya anayeukagua mwili uliovuliwa, akatangaza kuwa muuaji alisimama mbali bila kuuliza shati liko wapi, hajui kazi yake, na aliyemuumba pia. Marisau na vyuma vya gobore navyo vina hesabu yake: kwa karibu sana huingia kwa pamoja na kufanya tundu moja pana, kadiri umbali unavyozidi hutawanyika.

Sasa linganisha sentensi mbili. "Risasi ya milimita 9 ilimwingia kifuani, ikamrusha ukutani." Kisha hii: "Tundu lilikuwa chini ya chuchu ya kushoto, sentimeta 118 kutoka kisiginoni, ukingo wake umechubuka zaidi upande wa juu." Ya kwanza ina makosa mawili: ngozi hunyumbuka, kwa hiyo tundu halitoshi kutaja kipimo cha risasi, na risasi haimrushi mtu, huanguka alipo au hukimbia hatua kadhaa kabla ya kuanguka. Ya pili haina kelele, lakini imeshatuambia kuwa risasi ilitoka juu. Nani alikuwa juu ya mti?

Kwa wanaoandika riwaya za kale, Newala ni hazina. Wareno waliiteka mwaka 1916 na kutimuliwa mwaka huohuo. Askari wengi wa Wajerumani waliianza Vita Kuu ya Kwanza na bunduki za Mauser za modeli ya 1871, za milimita 11 na baruti nyeusi, ambazo kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Mwandishi anayempa askari huyo silaha hiyo halafu akamfanya mdunguaji asiyeonekana amekosea kwa wingu zima.

La mwisho ni karatasi. Majeruhi wa risasi anayefika hospitali ya Mkomaindo au Ndanda bila mtu kuuliza fomu namba tatu ya polisi, PF3, hayupo Tanzania. Na fomu hiyo ikifika mahakamani, mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe. Humo mna sura nzima ya riwaya ambayo wengi wanairuka.

Wewe mwenye mswada mezani, usimbebeshe daktari kurasa 200. Mpe ule ukurasa wa maiti tu, na umwombe aweke alama kila anapocheka.