Kunyunyizia Si Kudunga: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Gari la Turbo

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa kazi inayofanyika baada ya kusomwa. Mwalimu akitumia istilahi mbovu darasani, mwanafunzi aweza kuuliza. Fundi aliyeinama juu ya injini, spana mkononi, hana wa kumwuliza. Makala haya yanahakiki istilahi tatu zilizotumika katika tafsiri moja ya maelekezo ya gari la Kijapani, ambayo ililetwa mezani petu isomwe kabla ya kupigwa chapa. Istilahi hizo ni "kipozakati", "sindano ya maji" na "maji ya kupoza". Ya kwanza niliipendekeza mimi mwenyewe, na lawama yake ni yangu.

Kwanza hatuna budi kuieleza dhana. Turbo ni chombo kinachozungushwa na moshi utokao katika injini, nacho husukuma hewa nyingi zaidi iingie katika silinda. Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama ajuavyo kila aliyepata kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono. Hewa ya nyuzi 30 za sentigredi, ikishindiliwa mpaka kanieneo lake liwe maradufu, hupita nyuzi 90 hata katika chombo kisicho na hasara yoyote. Katika turbo halisi hupanda zaidi ya hapo. Hewa ya moto ni nyepesi, yaani katika ujazo ule ule oksijeni yake ni haba, hivyo nguvu ya injini hupungua. Tena huweza kusababisha petroli iwake kabla ya wakati wake, na injini ikagonga. Kwa sababu hiyo hewa hupitishwa kwanza katika chombo chenye vibati vyembamba vya alumini, kinachopigwa na upepo wa nje.

Baadhi ya matoleo ya Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution ya miaka ya 1990 na 2000 yaliongezewa tangi dogo la maji, pampu ya umeme na mdomo wenye tundu finyu, ili vibati hivyo vinyunyiziwe maji kwa nje. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 hula kilojuli 335 hivi. Kuigeuza kilo hiyo hiyo kuwa mvuke hula takriban 2,260. Kwa hiyo kinachopoza hasa si ubaridi wa maji bali kukauka kwake. Bibi zetu waliijua siri hii zamani: mtungi wa udongo hutoka jasho, jasho likakauka, na maji ya ndani yakazizima.

Sasa tuzitazame istilahi zenyewe. "Kipozakati" imefuata sura ya neno la Kiingereza, ambalo sehemu yake ya kwanza ina maana ya "baina". Jina lile lilifaa mitambo inayoshindilia hewa kwa hatua mbili, ambamo chombo hicho hukaa baina ya hatua ya kwanza na ya pili. Katika gari lenye turbo moja hakuna turbo ya pili ya kungojewa. Fundi akilisikia neno hili ataona "kati" na kuuliza, kati ya nini na nini? Nilitafsiri neno, sikuitafsiri kazi. "Kipozahewa" nayo haifai, kwani itachanganywa na kiyoyozi. Napendekeza "rejeta ya hewa". Rejeta anaijua kila fundi, na kanuni ni nyepesi: kila rejeta iitwe kwa kile kinachopita ndani yake. Huenda ikasemwa kwamba rejeta ni neno la kukopa. Ni kweli, lakini limekwisha kuzoea nyumba. Hatuna haja ya kulifukuza ili tumpokee mgeni tuliyemzua wenyewe.

"Sindano ya maji" ni kosa la hatari zaidi. Upo mfumo mwingine kabisa ambamo maji, kwa kipimo kidogo na kwa matone madogo mno, hutiwa ndani ya hewa inayoelekea katika silinda. Huko ni kudunga. Hapa maji hubaki nje na hayachanganyiki na hewa ya injini. Fundi atakayesoma "sindano ya maji ya kipozakati" aweza kutoboa bomba la hewa na kuyaelekeza maji ndani. Maji hayashindiliki, yakijikusanya katika silinda, pistoni inayopanda hukutana nayo kama ukuta, na mkono wake ukapinda au kuvunjika. Injini nzima itakuwa imeharibiwa na nomino moja. Kiswahili kina vitenzi viwili wazi, na tuvitenge: "kunyunyizia" kwa maji ya nje, "kudunga" kwa maji ya ndani. Chombo cha nje kiitwe "kinyunyizio cha rejeta ya hewa".

Istilahi ya tatu, "maji ya kupoza", haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba ina mwenyewe tayari: ndiyo maji ya rejeta ya injini, ambayo aghalabu huchanganywa na dawa. Dereva akiyatia katika tangi la kinyunyizio, dawa hiyo itaacha utando juu ya vibati na kuziba tundu. "Maji ya kunyunyizia" yatosha, mradi maelezo yaongeze kuwa ni maji safi yasiyo na chumvi.

Haki inadai niseme kwamba sentensi za mtafsiri huyu ni nyoofu na zinasomeka bila taabu. Kwa hakika hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana sentensi nzuri humfanya msomaji aiamini istilahi mbaya. Tafsiri imerudishwa kwake pamoja na mapendekezo haya. Mimi nami nimeliondoa "kipozakati" katika orodha yangu, na tangu sasa sitapeleka pendekezo la istilahi ya ufundi kabla ya kusimama gereji na kukiona chombo chenyewe kikifanya kazi.