Walirudisha Hisabati, Fasihi Wakaiacha Nje

Nitangulize hukumu ili asiyeitaka afunge ukurasa mapema: kuifanya Fasihi ya Kiswahili kuwa somo la hiari katika sekondari pevu za Kenya ni kosa, tena la wazi. Mpangilio mmeuona. Mikondo mitatu kuanzia Gredi ya 10. Kiswahili chenyewe kimebaki miongoni mwa masomo ya lazima, hilo ni jema. Fasihi imechomolewa humo na kupelekwa kwenye mkondo wa sayansi za jamii, akae nayo anayeitaka.

Hisabati nayo walikuwa wameitendea hivyo hivyo. Mwaka 2025 kelele zikapanda, Waziri wa Elimu Julius Ogamba akalegeza kamba, Hisabati ikarudi kundi la lazima. Kwa hiyo msiniambie kwamba mtaala ni msahafu usiofutika. Unafutika, ila kwa somo linaloliliwa. Fasihi haikuliliwa na mtu. Vyama vyetu vya Kiswahili, hodari wa makongamano na fulana za makongamano, havikutoa hata ukurasa mmoja uliosikika mpaka Kitale. Wachapishaji walinong'ona. Walimu walikuwa wanasubiri kujua watapangiwa vipindi vingapi. Na uamuzi ukapita mchana kweupe, kana kwamba kinachoondolewa ni karatasi moja ya mtihani.

Kilichoondolewa ni mpango mkubwa kuliko wowote wa watu wengi kusoma kitabu kimoja ambao nchi hii imewahi kuwa nao. Wamarekani wanasifiwa kwa jambo hilo tangu 1998, pale mkutubi Nancy Pearl alipowaalika watu wa Seattle wote wasome riwaya moja ya Russell Banks. Chicago ikafuata mwaka 2001 na To Kill a Mockingbird. Tangu hapo kila semina ya maktaba inayofadhiliwa na wageni inatuonyesha slaidi hizo na kutuuliza kwa huruma lini sisi tutaanza. Sisi tulikuwa tumeshaanza. Kiswahili kilipofanywa cha lazima na cha kutahiniwa chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia ripoti ya Mackay ya 1981, kijana wa Lodwar na wa Lamu wakashika riwaya moja wakati mmoja. Mwaka 2024 waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walizidi 900,000, na karatasi ya tatu, fasihi tupu, ina alama 80 kati ya 200 za Kiswahili. Seattle ingetoa nini kupata wasomaji wa aina hiyo?

Mtambo wenyewe haukuendeshwa na mtihani peke yake. Siri ilikuwa muda. Kitabu teule kilikaa kwenye orodha miaka kadhaa, na hapo ndipo kilipotoka shuleni kikaingia mtaani. Kaka alimaliza nacho, dada akakirithi, dada naye akakiuza kwa mwenye meza ya vitabu kuukuu kando ya barabara, akakinunua mzazi wa mwingine kwa nusu bei. Njiani mama alikisoma jikoni akisubiri maharagwe, mlinzi wa benki akakisoma zamu ya usiku. Ndiyo maana kwenye matatu ya Kitale kwenda Webuye ilitosha kumwita chifu fulani "Nasaba Bora", jina la mtemi wa riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, abiria wote wakacheka bila kuelezwa. Hakuna mkutubi aliyepanga hilo, wala mfadhili aliyetoa hela.

Sasa kifanye kitabu hicho kuwa cha hiari. Wanaokisoma wanapungua, nakala zinazochapwa zinapungua, bei inapanda, meza ya vitabu kuukuu inakosa mzigo, na mlinzi wa benki anabaki na simu yake. Waliokaa mezani Nairobi walihesabu vipindi vya darasani. Mlolongo huu hawakuuhesabu kwa sababu haumo kwenye jedwali lolote la wizara. Watatujibu kwamba ndani ya Kiswahili cha lazima bado kuna kusoma. Vifungu vya ufahamu havimpi mtu wa Bungoma na wa Kitale jina moja la kumbandika chifu.

Kuna hoja ninayoiheshimu, kwamba kitabu cha kulazimishwa huua hamu. Ninawajua wanafunzi waliofaulu riwaya bila kuifungua, kwa nguvu za miongozo tu. Miongozo hiyo nimeilaani kwenye safu hii mpaka mhariri akaniomba nipumzike, na sipumziki: mwongozo unaomtajia mtoto maudhui na sifa za wahusika kabla hajakutana nao ni wizi wa furaha yake. Lakini dawa ya mwongozo mbaya ni swali la mtihani lisilojibika kwa mwongozo. Kuifukuza riwaya ni kumpa mwenye mwongozo ushindi.

Wala kulazimishwa hakuui hamu kila mara: tazameni orodha za zamani. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, kisha Siku Njema. Hivi vilikuwa vitabu vya kugombaniwa bwenini. Chozi la Heri ilifanya kazi yake, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi inaifanya vizuri. Ila niwieni radhi, hakuna aliyeliteka taifa kama Ken Walibora. Alizaliwa Bungoma, akakulia Cherang'any upande wa Trans Nzoia, akatoa Siku Njema mwaka 1996 na kumsafirisha Kongowea Mswahili kutoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake. Fikirieni ujasiri huo. Miaka yote fasihi ya Kiswahili ilielekea pwani, na huyu kijana wa bara akaigeuza uso ikatazama Kitale. Kisha Kidagaa Kimemwozea ya 2012, na Sokomoko ya mtemi Nasaba Bora ikawa kila kata ya Kenya.

Wataniambia kwamba shule ikiacha, maktaba ya umma itachukua. Maktaba ipi? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilizikabidhi maktaba kwa kaunti, katika kifungu kimoja na kamari, mbio na leseni za pombe. Kaunti zikashughulikia leseni za pombe, maana huko kuna ada. Shirika la Huduma za Maktaba, lililoundwa kwa sheria ya 1965, lilijenga matawi, likapeleka vitabu kwa ngamia Garissa, kazi nzuri sana. Lakini ingia tawi lolote leo wiki ya kabla ya mitihani: ukumbi umejaa, na nusu ya waliomo wamekuja na daftari zao wenyewe. Wamefuata meza, kiti na utulivu. Rafu zimelemewa na misaada ya vitabu vya Uingereza ambavyo Waingereza wenyewe walivichoka.

Hata hivyo, kama ni lazima tucheze na tulichoachiwa, basi tucheze vizuri: tusome kitabu kimoja pamoja, na upande huu wa Bungoma na Trans Nzoia una wachezaji. Bungoma ina tawi la maktaba Kimilili. Kitale ina jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyo wa mlowezi Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926 na kuwarithisha Wakenya vipepeo na vitabu vyake. Watu wa huku wamezoea kukaa uwanjani kusikiliza maneno marefu. Mbukusu anayeketi saa nyingi kwenye kumuse, baraza la baada ya maziko, akimsikiliza mzee akipanga historia ya ukoo hatashindwa na sura mbili za riwaya zikisomwa kwa sauti.

Masharti ni machache. Kitabu kiwe Siku Njema, maana Bungoma itadai mwandishi, Trans Nzoia itadai safari, na hakuna atakayesusa. Cha baadaye akichague mtu mmoja, mkutubi, si kamati ya wawakilishi wadi. New York walijaribu kwa kamati mwaka 2002, ikagawanyika kati ya Chang-rae Lee na James McBride, mpango ukafia mezani. Nakala zinunuliwe nyingi kabla ya tangazo, maana aliyeambiwa asome kisha akakikosa kitabu harudi. Vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni vilipwe vicheze sokoni. Na vyombo vya habari vya hapa visome sura kwa sura jioni, baada ya taarifa ya habari.

Kalenda ndiyo ngumu. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4 wanakaa 2027, na ndio wa mwisho kusoma vitabu teule wote pamoja, kwa hiyo kusubiri zaidi ya hapo ni kuanza na watu wasiokumbuka ilivyokuwa. Agosti 2027 ni uchaguzi. Agosti 2028 ni tohara ya Wabukusu, na hapo Bungoma hasikiki mtu mwingine ila vijana na njuga zao. Inabaki Aprili 2027, kabla malori ya kampeni hayajafungwa spika: mwanzo tarehe 10, siku aliyofariki Walibora mwaka 2020, mwisho tarehe 23, Siku ya Vitabu Duniani. Wiki mbili zinaitosha Siku Njema, na bajeti za kaunti za kugharimia Aprili hiyo hupitishwa Juni 2026.