Mlango Kabla ya Spika: Tulivyopanga Kufunga Muziki kwenye Premio

Fundi wa kwanza niliyempelekea gari pale Gerezani, Kariakoo, aliwasha redio, akasikiliza kidogo, akasema: "Bosi, hapa tuanze na sabufa." Wa pili akashauri spika za milango. Wa tatu akanionyesha redio ya skrini kubwa. Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kina kazi yake, na mafundi hawa wanaijua biashara yao. Lakini hakuna aliyefungua mlango kutazama ndani, na kwa jinsi nilivyokuja kuona baadaye, jibu lilikuwa mle.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya injini ya 1500, iliyokuja kutoka Japani na redio yake ya kiwandani na spika nne za karatasi. Fedha yangu ilitosha kununua kifaa kimoja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye kununua vyote siku moja anaweza kupuuza mpangilio, anayenunua kimoja kimoja hawezi. Kwa hiyo niliweka masharti mawili: kila hatua isikike siku ileile, hata kama vifaa vingine bado ni vya zamani, na hatua ya leo isije ikanilazimu kung'oa ya jana.

Redio ilitangulia, ingawa si kwa sababu ya ubora wa sauti. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya zamani huishia 90. Huku kwetu vituo vimetandazwa kuanzia 87.5 hadi 108. Dereva wa Dar es Salaam mwenye redio ya namna hiyo haipati EFM kwenye 93.7. Wa Nairobi anaikosa Radio Jambo kwenye 97.5 na Radio Citizen kwenye 106.7. Dawa ya bei rahisi ni ekspanda, kale kaboksi kanakopachikwa kwenye waya wa antena kushusha mawimbi. Hesabu yake lakini haikamiliki. Ekspanda inayoshusha kwa megahezi 12 inakuletea vituo vya 88 hadi 102, Citizen inabaki nje. Inayoshusha kwa 20 inakuletea vya 96 hadi 110, EFM inabaki nje. Redio ya Japani ina nafasi ya megahezi 14 tu, na ekspanda haiongezi hata moja, inahamisha tu. Kwa gari lililouzwa jipya hapa nyumbani, redio ningeiacha iwe ya mwisho.

Kwa kuwa ilitangulia, ilibidi ichaguliwe kwa kuangalia hatua zitakazofuata. Niliangalia nyuma ya redio kabla ya skrini: je, ina matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, ya mbele, ya nyuma na ya sabufa? Inaweza kukata besi isiende kwenye spika ndogo? Kisha vipimo. Redio pana ya kawaida ni milimita 180 kwa 100, wakati Toyota huacha nafasi ya 200 kwa 100, hivyo bila fremu ya Toyota utabaki na mapengo kando. Na nilisisitiza inunuliwe soketi ya Toyota ya kuunganishia, waya za kiwandani zisikatwe hata mmoja. Gari ambalo waya zake zimekatwa na kufungwa kwa selotepu litamsumbua kila fundi atakayefuata.

Boksi la redio liliandikwa wati 50 mara nne. Tazama fyuzi iliyo mgongoni mwake: mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Ampea 15 kwa volti 14.4 ni wati 216 zinazoingia, na sehemu kubwa inapotea kama joto. Redio ya namna hii, bila amplifaya, hutoa kiasi cha wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Nambari hiyo ndiyo iliyoongoza maamuzi yangu yote yaliyofuata.

Sasa mlango. Spika iliyotundikwa mlangoni haina kasha, mlango ndio kasha lake. Bati la ndani lina matundu makubwa ambayo kiwanda kiliyaacha ili mikono ifike kwenye mota ya kioo, yakafunikwa kwa nailoni nyembamba. Spika inaposukuma hewa mbele, inaivuta nyuma kwa wakati huohuo. Mawimbi ya nyuma yakipenya kwenye yale matundu yanakutana na ya mbele, na kwenye besi yanafutana. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, kwa hiyo njia fupi ya kuzunguka bati la mlango haiwezi kuyatenganisha. Besi unayolalamika kwamba haipo inatengenezwa na spika, kisha inafutwa kabla haijafika sikioni.

Nilitaka kusikia jambo hili kwa masikio yangu, basi tukafanya mlango wa kushoto peke yake. Matundu makubwa tuliyaziba kwa vipande vya bati la alumini, juu yake tukabandika mpira wa butili wenye karatasi ya alumini, ule unaokandamizwa kwa rola ndogo. Bati la nje nalo tukalibandika vipande ili lisitetemeke. Pembeni mwa spika tukazungusha sponji, sauti iingie ndani ya gari badala ya kupotea nyuma ya paneli. Vitundu vya chini vya kutolea maji tuliviacha wazi, kwa sababu maji ya mvua hupita kando ya kioo na yakikwama mlango utaoza. Spika ya karatasi ikarudishwa ileile.

Kisha nikaweka wimbo mmoja wa dansi ninaoujua vizuri, besi na trebo zikiwa sifuri, nikawa nahamisha balansi kushoto, kulia, kushoto. Kulia gitaa la besi lilisikika kama limefungiwa kwenye kopo. Kushoto lilikuwa na mwili, nota moja ikiachana na nyingine, na paneli haikuwa ikigonga. Spika zilikuwa pacha, redio ileile. Vifaa vya mlango ule viligharimu pungufu ya spika za bei ya chini kabisa nilizokuwa nimeonyeshwa. Tangu siku ile sishauri mtu anunue spika kabla ya kuziba mlango.

Mlango wa kulia nao ulipozibwa, spika mpya za mbele zikafuata, nazo nilizichagua kwa kutazama kwanza desibeli. Spika za kiwandani ni nyepesi, zinaitikia nguvu ndogo. Nyingi za dukani ni nzito na zinahitaji kusukumwa. Yenye desibeli 88 inahitaji nguvu mara mbili ili ilie sawa na yenye 91, na mimi wakati huo nilikuwa na wati zangu 15 hadi 20 tu. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa: wananunua spika za gharama, sauti inakuwa ndogo kuliko ya zamani, wanaona wametapeliwa. Nilichukua seti yenye tuita pembeni na desibeli 90. Riveti za Toyota zilitobolewa, spika zikakaa juu ya ringi za plastiki. Ringi za mbao laini hunywa maji na kuvimba.

Hatua hii ilinipa siku mbili za wasiwasi. Besi ilitoweka tena, na fundi aliyezifunga akasema spika ni mbovu. Nilichukua betri ndogo ya volti 1.5, nikaigusisha kwenye waya za kila spika, chanya kwa chanya. Ya kushoto ikasogea nje, ya kulia ikaingia ndani. Waya za kulia zilikuwa zimegeuzwa, spika moja ikisukuma hewa huku nyingine ikiivuta. Zikarekebishwa kwa dakika chache.

Amplifaya ilikuja ya nne, ya chaneli nne, ili mbili ziendeshe spika za mbele na mbili zilizobaki ziunganishwe siku ya sabufa. Waya mkubwa wa umeme ulinunuliwa wa kutosha mfumo mzima tangu mwanzo, kwa kuwa kupitisha waya chini ya zulia mara mbili ni kulipa mara mbili. Fyuzi yake ikae karibu sana na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukichubuka na kugusa bodi. Hasi ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Na ile geini ya amplifaya si kitufe cha sauti: kwa wati 50 kwenye spika ya omu 4, mita isome volti 14.1, uishie hapo.

Spika za nyuma sikuzigusa. Msikilizaji mkuu anakaa mbele.

Mpangilio huu haufai kila gari. Baadhi ya Toyota zilitoka kiwandani na mfumo wa JBL wenye amplifaya yake, nyingi zikiwa na spika za omu chache kuliko kawaida. Ukichomoa kifaa kimoja, vingine havipatani nacho. Kwenye magari mapya ambayo skrini imebeba kamera na mipangilio ya kiyoyozi, redio usiiondoe kabisa, chukua sauti kutoka kwenye waya za spika uipeleke kwenye amplifaya inayoipokea.

Sabufa bado sijainunua, na milango imepunguza haraka niliyokuwa nayo. Wewe unayepanga kufunga muziki mwezi huu, mwombe fundi wako azibe mlango mmoja tu kwanza, halafu kaa kwenye kiti cha dereva uhamishe balansi kushoto na kulia kabla hujatoa fedha ya kitu kingine.