Kusahihisha Ulimi na Kuziba Kinywa

Siku moja hapa Kiwanja tulihudhuria mkutano juu ya maji. Mama mmoja alisimama, akaanza kusema: «Batoto banakuya na ndoo usiku…» Kabla hajamaliza, kijana mmoja msomi akamkatiza: «Si batoto, mama, ni watoto, tena si kuya, ni kuja!» Watu wakacheka. Mama akaketi, na habari ya watoto hao hatukuisikia tena.

Tabia hiyo twaikosoa, maana si ya haki, wala si elimu kamili. Kiswahili kiitwacho sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928. Halmashauri iliyoanza mwaka 1930 ilikuwa ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Basi kanuni hizo ni mapatano ya watu, tena yenye faida, lakini hazikushuka kutoka mbinguni.

Na hilo neno kuya? Nendeni Lamu, mtawasikia wenyeji wakisema kuya na moya, na washairi wao wa kale waliandika vivyo hivyo. Kumbe kijana alimcheka mama kwa neno ambalo mabingwa wa pwani hawakulionea haya! Na ile ba- ya batoto ni ndugu ya abantu wa Kinyarwanda na abandu wa Kinande, lugha tuzisikiazo kila siku sokoni kwetu. Si uvivu wa ulimi. Ni kanuni nyingine, nayo ina utaratibu wake: batoto banakuya, neno na neno lapatana.

Waingereza nao wana ugonjwa huo. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi akionyesha makosa hata katika maandiko ya Shakespeare na Milton. Shakespeare asomwa mpaka leo; Lowth wamjua wachache. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza chatafutwa zaidi kwetu. Tusimcheke mchuuzi wa Bunagana akijaribu kukisema.

Hatusemi kwamba sarufi ni kitu bure. Aandikaye kwa watu wa mbali, toka Kiwanja hata Zanzibar, na ashike sanifu, ili aeleweke. Mwalimu na asahihishe darasani, mtoto akiisha kumaliza neno lake. Lakini mkutanoni, sokoni na kwa mgonjwa, kwanza tusikie.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chaeleza jinsi Wagileadi walivyowapima watu kwa neno moja, Shibolethi. Aliyetamka Sibolethi aliuawa. Walianguka watu 42,000. Mji wetu, uliozika wengi baada ya mauaji ya Novemba 2008, usifanye ulimi kuwa kipimo cha mtu.

Mama yule na asimame tena, aseme batoto wake, nasi tujue wateka maji wapi usiku.