Waasi Wanaofika kwa Barua

Nilipoacha chuo nilijiapia kwamba sitasoma tena kitabu kinene kwa sababu eti mtu amenipangia. The Mirror and the Light ya Hilary Mantel, iliyotoka 2020, nimeisoma kwa hiari yangu, kurasa zaidi ya 700, na nimeipenda. Hilo ndilo linanisumbua.

Mantel anatuweka kichwani mwa Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Tunaona anachoona, tunacheka akicheka. Kisha inafika Oktoba 1536, watu wa Lincolnshire na Yorkshire wanainuka, nasi tumekwama na huyu jamaa tukingoja wajumbe. Waasi wanatufikia kama habari tu: ni wengi, wanasonga, wanataka kichwa chake. Nilijikuta nikiombea jeshi la mfalme liwahi. Mimi!

Kumbe watu hao walikuwa na hoja. Bunge lilikuwa limeamuru nyumba za watawa zenye mapato ya chini ya pauni 200 kwa mwaka zifungwe, na ardhi yake iende kwa mfalme. Robert Aske, wakili aliyewaongoza, alieleza baadaye akiwa kizuizini kwamba kule kaskazini nyumba hizo ndizo ziliwapa maskini sadaka. Desemba, pale Pontefract, waliandika madai 24. Yamo ya Papa na ya watawa, lakini soma mpaka chini: yamo ya ardhi ya wote iliyozungushiwa ua, na ya ada anayotozwa mpangaji akiingia shambani, kwamba isizidi kodi ya miaka miwili. Mtu anayedai hivyo amekaa akapiga hesabu.

Walikuwa kama 30,000, wengi kuliko jeshi lililotumwa kuwazuia. Wakaahidiwa msamaha, wakarudi makwao. Vurugu zilipozuka tena mapema 1537, Henry akapata kisingizio. Aske alinyongwa York mwezi Julai, mwili ukaachwa ukining'inia kwa minyororo.

Utaniambia riwaya ni ya Cromwell, naye hakwenda kaskazini. Sawa. Lakini Mantel huyuhuyu anampa nafasi tele ya kukumbuka utoto wa Putney, baba mhunzi, ngumi na damu. Kumwandika mtu wa chini anajua sana, ila huyu alishapanda hadi ikulu. Nilirudia sehemu ya uasi nikitafuta mpangaji mmoja wa Yorkshire wa kuketi naye jikoni kwake. Sikumpata.